Kuzeekea Kidahwe

Mtumishi akikaribia miaka 55 huanza kujiuliza swali ambalo vijana hawalijui: nitakwenda kuzeekea wapi? Wengi wetu wa Dar es Salaam hununua kiwanja Kibaha, Chanika au Bagamoyo, wakaendelea kuusikia moshi wa jiji kwa mbali. Wengine wanataka mji mdogo wa milimani, wenye hewa safi na shamba nyuma ya nyumba. Lushoto imekwisha kutajwa sana, na Tukuyu vilevile. Leo naomba tuitazame Kidahwe.

Kwa asiyepajua, ukitoka Kigoma mjini ukapita Mwandiga, ukaliacha ziwa mgongoni, utafika njia panda. Mkono mmoja unakwenda Uvinza na hatimaye Tabora. Mwingine unapanda Kasulu, Kibondo, hadi Nyakanazi. Hapo ndipo Kidahwe. Sitakudanganya kwamba utavaa koti mchana. Baridi ya namna hiyo iko mbele zaidi, kwenye milima ya Kasulu na Buhigwe. Kidahwe ni mlango wa milima hiyo, na uzuri wake ni kwamba migebuka na dagaa wa ziwani hawako mbali, na mawese ni ya papo hapo.

Kwa watu wa Buha, kurudi uzeeni si jambo geni. Enzi za Mwingereza, vijana wao walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga, wakiitwa manamba. Wako waliorudi na wako waliozikwa huko huko. Tofauti ni kwamba manamba alirudi kwenye shamba la baba yake. Mstaafu wa leo anafika na pesa, akitafuta shamba la baba wa mwingine.

Kilichoifanya Kidahwe itajwe ni lami. Kilomita 76.6 za kwenda Uvinza zimewekwa lami, na zile 63 za kwenda Kasulu pia. Aliyesafiri njia hizo wakati wa masika miaka ya tisini hahitaji kuelezwa maana yake. Umeme nao: mkoa uliozoea mlio wa mashine za dizeli umeingizwa kwenye gridi ya taifa, na Kidahwe yenyewe ndiyo iliyochaguliwa kuwa mahali pa kituo kikubwa cha kupozea umeme. Lakini lami ikifika, bei ya ardhi nayo hupanda gari hilo hilo.

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Kikokotoo cha mwaka 2022 kiliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33 ya mafao, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kuyapandisha kidogo. Kinachobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Mtu anayesubiri mkupuo ndipo anunue shamba, ajenge, achimbe kisima na kupanda michikichi, anaubebesha mkupuo huo mzigo usioweza kuubeba. Mchikichi wa kisasa unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Ukipanda ukiwa na miaka 52 na bado una mshahara, utastaafu ukikamua mawese. Ukipanda ukiwa na 60, utakula mtaji kwanza.

Ardhi yenyewe haichukuliwi kwa kupeana mikono chini ya mwembe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Wastaafu wengi wanaona mkutano huo ni usumbufu. Mimi naona ndiyo bahati yao. Mkutano ule ndio utakaojua kama shamba unalouziwa lina wadai wengine, na ndimo majirani watakamokuona sura kwa mara ya kwanza. Mzee anayenunua ekari kumi kimyakimya, akazungusha senyenge, akaacha nyasi ziote huku jirani hana pa kupanda mihogo, asishangae siku akiugua usiku na kukosa wa kumbeba.

Na kuugua kupo. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, iko Kigoma mjini. Kwa gari si mbali. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu, saa nane za usiku, bila gari, ni mbali mno. Bingwa wa moyo unayemzoea Muhimbili yuko umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mwenye maradhi ya kumrudisha kwa daktari kila mwezi afikirie upya, hata kama mlima unamwita.

Lakini linalonisumbua zaidi ni la mwenzi. Katika habari nyingi za kustaafu ninazozisikia, aliyechagua mahali ni baba, kwa sababu ni kwao. Mama ametoka Rufiji au Tanga, hana ndugu pale, Kiha hakijui, kanisa au msikiti aliouzoea ameuacha, wajukuu wako Mbagala. Baba akitangulia, na mara nyingi hutangulia, mama anabaki peke yake kilimani na kesi ya shamba na mashemeji. Sheria inamlinda, lakini baraza la ardhi si mahali pa kuzeekea. Basi jina lake liandikwe kwenye hati ya hakimiliki ya kimila tangu mwanzo, wote wawili wakiwa hai na wenye afya.

Na kabla ya hapo, pangeni vyumba viwili Kidahwe, mkae kuanzia Novemba hadi Februari, mvua ikiwanyeshea. Mama aende sokoni mwenyewe, ahudhurie misiba, ajue zahanati ilipo. Kisha aulizwe yeye, kabla tofali la kwanza halijachomwa.