Aliyekupa Moto Usimchomee Nyumba



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 23, twasoma habari za kijana ambaye hata jina lake hatuambiwi. Watu zaidi ya 40 walikuwa wamekula kiapo kule Yerusalemu kwamba hawataonja chakula wala kinywaji mpaka wamemwua Paulo. Kijana huyo, mwana wa dada yake Paulo, aliisikia njama hiyo, akaingia ngomeni kumweleza mjomba wake, kisha akapelekwa kwa jemadari. Jemadari alimshika mkono, akamchukua kando, akamsikiliza mwenyewe, akamwagiza asimwambie mtu kwamba amemletea habari hizo. Usiku uleule, saa tatu, askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 waliamriwa wawe tayari kumsindikiza Paulo hadi Kaisaria. Hivyo Paulo akaokoka.

Jemadari yule alipokea siri, akaitumia kuokoa uhai, na hakumwacha wazi aliyemletea. Ndivyo impasavyo mwandishi wa habari. Wazee wa Kamachumu wanalikumbuka Rumuli, gazeti la Kihaya la jimbo letu, ambalo jina lake lina maana ya mwanga. Mwandishi anapomulika lililofichwa, mara nyingi moto wake ameupata kwa jirani: karani, mhasibu au mlinzi wa mlangoni. Aliyepewa moto hamchomei nyumba aliyempa.

Tumkumbuke David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona fedha nyingi za umma zikilipwa kampuni ya Goldenberg kwa dhahabu na almasi ambazo hazikuuzwa nje kama ilivyodaiwa. Aliwapa wabunge wa upinzani nakala za hati, na habari zikafika Bungeni na magazetini. Mwaka 1993 alikamatwa, akashitakiwa kwa kutoa siri za serikali. Mashitaka yalifutwa, lakini kazi yake ilikwisha. Alifariki mwaka 2006. Taifa zima lilipata mwanga. Yeye alibaki gizani.

Wapendwa, hatusemi kwamba kila siri itobolewe. Sisi wa Kagera, tuliovamiwa mwaka 1978, tunajua kwamba kutangaza mahali walipo askari wakati wa vita ni kuwatoa wauawe. Siri ya mgonjwa nayo ni amana. Lakini siri inayofunika wizi wa mali ya umma haina heshima hiyo. Wala mwandishi asiandike kila anachonong'onezwa, maana asiyetajwa jina aweza pia kusingizia. Ahakikishe kwanza, ndipo aandike.

Na sisi je? Katika vyama vya msingi vya kahawa, katika vigango na vikundi vya kuweka na kukopa, upungufu wa fedha ukitajwa twauliza upesi, "Nani kasema?" Ni mara chache twauliza, "Je, ni kweli?" Swali la kwanza humtafuta mtu wa kuadhibiwa, la pili huutafuta ukweli. Katekista akiletewa habari na mjane kwamba mizani inapunja, asilitaje jina la mjane huyo barazani. Aende mwenyewe na kilo yake ya kahawa, akaipime.

Bunge letu lilitunga mwaka 2015 sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ni jambo jema. Hata hivyo, sheria itamfaa nini mnyonge ikiwa ndugu aliyemwamini ndiye wa kwanza kumtaja?

Tumwombe Mungu awape waandishi wetu ujasiri wa kuutafuta ukweli na uaminifu wa kutunza amana. Nasi atujalie midomo yenye kiasi na mikono inayomlinda mdogo aliyethubutu kusema. Amani ya Kristo ikae nyumbani mwenu. Amina.