Haki ya Maskini Si Sadaka
(Hotuba iliyotolewa katika adhimisho la Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Tunapomshukuru Mungu kwa miaka 100 ya usharika huu, nimeombwa niseme juu ya maskini. Sitasema juu ya sadaka, maana katika hiyo tumefundishwa vya kutosha. Nitasema juu ya haki. Sadaka hutoka katika moyo wa mtoaji. Haki ni deni, na asiyelilipa ameshika kilicho cha mwingine.

Maandiko huliweka deni hilo katika kazi zetu za kila siku. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 huamuru kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa maisha yake yanautegemea ujira huo. Mambo ya Walawi 19:9-10 humkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni. Masazo ni ya maskini na mgeni. Amosi 8 hukemea mizani ya udanganyifu. Hakuna hata moja katika hayo lililoachwa kwa hiari ya tajiri.

Wapendwa, sisi tunaishi juu ya dhahabu. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, na uzalishaji huo ukakoma mwaka 2021. Dhahabu huisha, jinsi tulivyotendeana haiishi mbele za Mungu. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinataka anayeondolewa katika ardhi yake apewe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Hilo ni jambo la Nabothi. Tusomapo 1 Wafalme 21 tunamlaumu Ahabu na Yezebeli, tukiwasahau wazee wa mji waliopokea barua na kutekeleza yaliyoandikwa. Bila wao, shamba lile lisingenyang'anywa.

Kanisa halikunyamaza daima. Mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania, pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki na BAKWATA, walitoa taarifa iliyouliza taifa linapata nini katika dhahabu yake. Wakati huo mrabaha ulikuwa asilimia 3. Sheria ya mwaka 2010 iliufanya kuwa asilimia 4, na mabadiliko ya mwaka 2017 asilimia 6. Huko Geita, vijana walidai magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi, na mwaka 2016 Serikali iliagiza wapewe. Hata hivyo masazo ya Torati yalikuwa na nafaka ndani yake; kumwachia maskini mawe matupu si kulitimiza neno hilo.

Lakini ni rahisi kuunyoshea kidole mgodi mkubwa. Katika maduara ya wachimbaji wadogo, wengi wanaoshuka shimoni hawana mshahara. Hungoja mgawo wa mawe baada ya gharama kukatwa. Ni nani anayeziandika gharama hizo, naye mchimbaji huonyeshwa? Mama anayeponda mawe juani hulipwa lini? Mizani ya mnunuzi wa dhahabu ni ya kweli? Wenye maduara, wenye makarasha na wanunuzi tunao humu kanisani, na fungu lao la kumi tunalipokea kwa furaha. Yakobo 5:4 husema kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio hicho humfikia Bwana. Basi kilio hicho chaweza kufika kabla ya sadaka yetu.

Nasi viongozi tujiulize: mlinzi wa kanisa na mwalimu wa chekechea wamelipwa mwezi huu? Jubilei katika Walawi 25 ilikuwa mwaka wa kurudisha ardhi na kuwaachia huru watumwa. Kama kuna mtu tunayemdai shukrani na kumbe sisi ndio wadeni wake, tumwendee kabla jua la leo halijatua.

Mungu aubariki usharika huu. Amina.