Treni ya Mombasa na maji ya Shari

Maneno ya mwalimu mmoja, mwanachama wetu, kwenye mkutano wa shirika, kartiye Ngezi



Mmeniomba niseme juu ya masomo ya watoto waliorudi. Ya minervali siyagusi, mweka hazina ameshayasema. Mimi niko mwalimu wa jografia. Nitasema juu ya safari moja tuliyofanya ukimbizini, na kile inaweza kutusaidia hapa Bunia.

Kule Nairobi nilikuwa nafundisha watoto wetu. Mwaka 2018 wazazi walichanga pesa, nikapanda na watoto 14 treni mpya ya Mombasa, ile ilianza kazi mwaka 2017. Tulichukua ya asubuhi, ile inasimama kwenye stesheni za njiani, kusudi tupate kuangalia vizuri. Njia ni kilomita karibu 470, toka bara mpaka bahari.

Kila mtoto alikuwa na kaye na kalamu. Niliwapa kazi tatu: andika jina la kila stesheni, andika rangi ya udongo, na ukisikia jina la mto uliza maji yake yanaenda wapi. Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, kwa hiyo walitoka na masweta. Kufika Voi hakuna mtu alikuwa na sweta tena. Hapo sikuwa na haja ya kueleza sana kwamba ukishuka, joto linaongezeka. Kule Tsavo udongo ni mwekundu, na tembo wanajipaka ule udongo mpaka nao wanakuwa wekundu. Kuna sehemu reli imeinuliwa ili nyama wa pori wapite chini. Watoto waliandika yote.

Tukafika kwa mito. Athi unatoka upande wa Nairobi, unakutana na mto Tsavo, kuanzia pale unaitwa Galana, halafu karibu na Malindi wanauita Sabaki, unaingia Bahari ya Hindi. Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, na maji ya kwetu Bunia yanaenda wapi?" Wenzake wote kimya. Mito ya Kenya walikuwa nayo kichwani, ya kwao hapana.

Nikachora kwenye kaye yake, treni inatembea. Shari unaingia Ituri. Ituri ukikutana na Nepoko unaitwa Aruwimi. Aruwimi unaingia mto Kongo pale Basoko, na Kongo unaenda mpaka Bahari ya Atlantiki. Lakini ukitoka Bunia kwenda Kasenyi, ukipita ile milima ya Bogoro, maji yanageuka. Yanashuka Ziwa Albert, yanaingia Nili, yanapita Uganda, Sudani Kusini, Sudani na Misri mpaka Bahari ya Mediterania. Mvua ni moja, lakini inaenda kwenye bahari mbili, na mpaka wake uko hapa kwetu.

Yule msichana amerudi, anaishi kartiye hii hii. Alisoma kwa Kiingereza, hapa masomo ni kwa Kifaransa. Wamemrudisha nyuma madarasa 2. Jambo analijua, jina lake kwa Kifaransa ndilo linamshinda. Anakaa na watoto wadogo, na ameshamwambia mama yake kwamba anataka kuacha. Tuko na wengi sawa naye. Mtoto akiacha masomo hapa Bunia, nyinyi wazazi mnajua wapi anaishia.

Kuna mzazi aliniuliza: "Mwalimu, mito itatupa chakula?" Ni swali la haki. Namjibu hivi. Watoto wetu wanaambiwa njiani: "Nyinyi wageni, rudini mulikotoka." Mtoto anayejua nchi yake imelala namna gani, hashindwi kujibu. Tena Bunia iko zaidi ya mita 1,200, na ziwa liko karibu mita 620. Njo maana huku juu ni ngombe na maharagi, na kule chini ni joto na samaki. Anayeelewa hiyo anaelewa soko letu lote.

Treni hatuna hapa Ituri. Lakini njia ya Kasenyi inatosha kuwa darasa. Naomba shirika mambo matatu.

La kwanza, masaa ya Kifaransa kila posho mchana kwa watoto waliorudi. Tuko walimu 2, hatuombi mshahara, tunaomba nafasi, tablo na chaki.

La pili, karti kubwa ya Ituri na moja ya Kongo, za kutundika ukutani.

La tatu, safari moja ya Bogoro mpaka Kasenyi, kila mtoto na kaye yake. Hiyo itangoja siku wakubwa wa usalama watasema njia ni salama. Mbele ya hapo sitachukua mtoto wa mtu.

Wandugu wafadhili, kila franka itaandikwa, na kaye za watoto mtaziona wenyewe. Wazazi, jioni ya leo muulizeni mtoto wako maji ya Shari yanaenda wapi. Kama hajui, mlete posho.