Nguzo na Nyuso za Tongoni



Picha hizi ndogo za rangi za mafuta tulizichora Tongoni, kusini mwa Tanga, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15. Sisi si mafundi. Twachora siku za mapumziko tu. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka, nasi tuliziwahi zilizosalia.

Mzee mmoja wa kijiji alituridhia tuuchore uso wake kwa penseli, akatuagiza tumpelekee picha. Tulichelewa, tukaikabidhi kwa wanawe matangani. Tangu hapo tumeazimia: achorwaye aione picha yake angali hai.

Leo, mzee yeyote apendaye na aketi. Penseli tunazo.