Daraja Limefupisha Safari, Akili Je?

Msikilizaji, tangu Daraja la JP Magufuli lizinduliwe Juni 19, 2025, Kigongo hadi Busisi, ng'ambo ya ziwa, ni kilomita 3 tu za lami. Enzi za kivuko tulisubiri mpaka tukanung'unika. Ila kusubiri kule kulikuwa na faida moja: macho yalitua ziwani. Leo abiria anavuka kainamia simu. Akifika Sengerema hajui kama ziwa lilikuwa shwari au limechafuka.

Utulivu ule wa kivukoni wengine wanaufundisha: mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, huko Massachusetts, Marekani, aliwaanzishia wagonjwa mafunzo ya kutuliza akili kwa kufuatilia pumzi, akichota mafundisho ya Kibudha. Mafunzo hayo hayalipi kodi ya nyumba, na mwenye sonona aende hospitali. Lakini mtazame mama anayechambua dagaa kwenye soko la Mwaloni Kirumba: vidole vinatoa changarawe moja moja, macho hayabanduki, umbea anaupokea kwa sikio moja. Huyo hajasoma kozi yoyote, ila akili yake imetulia.

Kesho ukivuka, tia simu mfukoni. Vuta pumzi, ishushe taratibu, litazame ziwa mpaka ng'ambo. Ni dakika chache, na konda hakudai nauli ya ziada.