Saladi ya Makaroni, Zabibu na Jibini: Chakula Kisichorudi Motoni
(Mazungumzo na walaji katika Viwanja vya Nanenane, Nzuguni, Dodoma)



Leo tumechagua kuzungumzia chakula kimoja tu, nacho ni saladi baridi ya makaroni iliyochanganywa na zabibu na jibini. Asili ya mapishi ya namna hii ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, hasa Italia, ambako wakati wa joto watu hupika tambi, huzipoza, kisha huzichanganya na jibini, mboga, matunda na mafuta ya zeituni. Siku hizi saladi hii imeingia katika meza za harusi, za kuagana na maharusi, za mahafali na za hafla za kiofisi katika mji wetu. Hatuoni ajabu. Dodoma ni mkoa wa zabibu, na mashamba yetu hutoa mavuno mawili kwa mwaka. Jibini za aina ya Kiitaliano hutengenezwa hapa hapa nchini, mkoani Njombe. Mafuta ya alizeti ya Kanda ya Kati hushika vema nafasi ya mafuta ya zeituni, ambayo bei yake si ya kila mfuko.

Basi viungo tunavyo, na hali ya hewa inatualika kula vitu baridi. Lakini saladi hii ina tabia moja inayoitofautisha na wali, ugali au mchuzi: ikishachanganywa, hairudi motoni. Tukikosea kidogo katika mchuzi, mara nyingi moto hutusaidia kabla chakula hakijafika mezani. Katika saladi, kosa la sokoni, la jikoni na la mezani yote huingia kinywani kama yalivyo. Kwa hiyo usalama wake lazima ukamilike kabla ya kuchanganya, na baada ya hapo ulindwe kwa baridi. Hilo ndilo tunalotaka kila mmoja wenu aondoke nalo.

Tuanze na ununuzi.

Makaroni ni chakula kikavu, nacho hukaa muda mrefu kikihifadhiwa vizuri. Nunua pakiti iliyofungwa kiwandani, isiyotoboka wala kulowa, yenye jina na anwani ya mzalishaji, uzito halisi, orodha ya viambato, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwenye mzio wa ngano asome orodha ya viambato kwa makini. Makaroni yanayopimwa kutoka kwenye gunia lililo wazi hayana maelezo hayo yote, na yakikudhuru huna pa kuanzia kudai.

Jibini ndiyo inayohitaji macho zaidi. Uliza kwanza kama imetengenezwa kwa maziwa yaliyopashwa joto kitaalamu, yaani nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya ugonjwa wa brusela, ambao huwaletea watu homa za kujirudia na maumivu ya viungo, na mara nyingi mgonjwa hudhani ni malaria. Sisi tunaoishi kati ya wafugaji tunayathamini maziwa yao, na ndiyo sababu tunasisitiza yachemshwe au yapashwe joto kabla ya kugeuzwa kuwa jibini.

Pili, angalia mahali jibini ilipowekwa. Jokofu lililozimwa usiku ili kuokoa umeme na kuwashwa alfajiri huwa baridi mnunuzi anapofika, lakini jibini iliyokuwa ndani imeshapitia saa nyingi za joto. Dalili zake ni pakiti iliyovimba, majimaji yaliyojitenga, au uso wenye utelezi. Jibini iliyokatwakatwa na kufungwa upya katika mfuko usio na maandishi, iache dukani. Ifanye jibini kuwa kitu cha mwisho kununua kabla ya kurudi nyumbani, usizunguke nayo sokoni asubuhi nzima.

Zabibu, chagua zilizoshikilia vikonyo vyake, ngumu kidogo, zisizopasuka. Ule unga mweupe mwembamba juu ya ganda ni nta ya asili ya tunda, si lazima uwe dawa. Hata hivyo wakulima wa zabibu hupulizia viuatilifu dhidi ya ubwiriunga na magonjwa mengine, nalo vumbi la barabarani halimwogopi mtu. Zabibu zinazouzwa katika Soko la Job Ndugai na zile zinazopangwa kando ya barabara zioshwe kwa namna moja.

Sasa twende jikoni. Kwa watu sita hadi wanane, tayarisha makaroni gramu 500, zabibu nyekundu gramu 500, jibini gramu 200, tango moja, kitunguu chekundu kimoja kidogo, majani machache ya mnanaa, malimau mawili, mafuta ya alizeti vijiko vinne vya mezani, chumvi na pilipili manga.

Nawa mikono kwa sabuni, na uinawe tena kila ukigusa pua, simu au fedha. Mwenye jipu au kidonda kilicho wazi mkononi asiandae saladi. Wapo bakteria wanaoishi puani na katika vidonda, ambao wakikua ndani ya chakula huacha sumu isiyoondoka hata ukikipasha moto.

Osha zabibu kwa maji safi yanayotiririka, ukizisugua taratibu kwa vidole, bila sabuni. Tango na mnanaa vivyo hivyo. Kuosha hupunguza mabaki ya viuatilifu na uchafu, ingawa hakuvimalizi vyote. Zikate zabibu katikati na utoe kokwa, kwa kuwa zabibu nyingi za kwetu zinazo. Kama watakula watoto wa chini ya miaka mitano, kata kila zabibu vipande vinne kwa urefu. Zabibu nzima ina ukubwa na utelezi unaoweza kuziba njia ya hewa ya mtoto mdogo, na tukio kama hilo huchukua dakika chache tu kuleta msiba.

Chemsha makaroni katika maji mengi yenye chumvi kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha yachuje. Hapa ndipo wapishi wengi huteleza. Makaroni yametoka katika maji yanayochemka yakiwa salama, halafu yanamwagiwa maji ya ndoo ili yapoe haraka. Kama maji hayo hayakuchemshwa wala kutiwa dawa, kazi yote ya moto imebatilika. Tumia maji yaliyochemshwa jana yake na kupozwa, au tandaza makaroni katika sinia pana safi, uyachanganye na kijiko kimoja cha mafuta yasigandamane, na yakishapoa yatie jokofuni. Usiyaache katika sufuria yenye kifuniko juu ya meza hadi jioni. Wapo bakteria wanaojifungia katika ganda gumu na kuhimili maji yanayochemka. Chakula chenye wanga kikibaki vuguvugu kwa saa nyingi, huamka, huongezeka na kutoa sumu inayoleta matapishi makali.

Makaroni yakiwa baridi, changanya na zabibu, tango, kitunguu na jibini iliyokatwa vipande vidogo, kwa ubao na kisu ambavyo havikutumika kwa nyama mbichi. Koroga maji ya limau na mafuta yaliyobaki, tia chumvi kidogo kwa sababu jibini ina chumvi yake, mwagia, kisha nyunyiza mnanaa na pilipili manga. Limau hutia ladha na ukali wake huwapunguzia kasi baadhi ya bakteria, lakini halichukui nafasi ya moto wala ya baridi.

Ndugu wananchi, saladi sasa ni tayari na inapendeza. Hatari yake kubwa inaanza hapa, nayo ni kusubiri. Sote tunajua ratiba za hafla zetu. Kadi imeandikwa saa nane mchana, maharusi wanaingia saa kumi na moja, na hotuba zikiisha ni usiku. Wali na nyama husubiri juu ya moto. Saladi husubiri wapi?

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuwa chakula kilichopikwa, pamoja na vyakula vinavyoharibika upesi, visikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kwamba chakula baridi kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Katika jua la Dodoma la Oktoba na Novemba, chini ya turubai, tunawashauri mhesabu saa moja. Mwenye shughuli amwambie mpishi mapema: saladi ibaki katika jokofu au katika deli lenye barafu ya kutosha, itolewe kwa sinia ndogo ndogo watu wakiwa wamekwisha kupanga foleni. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa jokofu. Likiwa limefungwa muda wote, hutunza baridi kwa takriban saa nne. Kilichobaki mezani kikipita muda wake kitupwe. Tunajua kutupa chakula kunauma, lakini kulaza watu hospitalini kunauma zaidi.

Kwa wajawazito, wazee, na wenye kinga pungufu ya mwili, tahadhari iwe kubwa zaidi. Bakteria aitwaye listeria huendelea kukua hata ndani ya jokofu, na kwa mjamzito anaweza kusababisha mimba kutoka au mtoto kuzaliwa akiwa mgonjwa sana. Huko Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, mlipuko wa listeria uliotokana na nyama iliyosindikwa, inayoliwa bila kupikwa tena, uliwaua watu zaidi ya 200, na watoto wachanga walikuwa wengi miongoni mwa waathirika. Ile haikuwa saladi, lakini njia ilikuwa moja: chakula kisichorudi motoni. Kwa hiyo mjamzito asile jibini laini ya maziwa mabichi, wala saladi iliyokwisha kukaa jokofuni siku kadhaa. Saladi ya nyumbani iliwe siku ile ile au kesho yake.

Mwisho, kumbukeni haki zenu. Dai risiti kwa kila ununuzi. Ukikuta jibini iliyovimba, bidhaa iliyopitwa na muda au lebo iliyobandikwa juu ya nyingine, usigombane na muuzaji. Hifadhi bidhaa, pakiti na risiti, kisha toa taarifa kwa ofisa afya wa kata yako au ofisi ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye jukumu la kusimamia usalama wa chakula. Mtu aliyekula na kuanza kutapika, kuharisha au kupata homa apelekwe kituo cha afya, na aeleze alikula nini na saa ngapi. Maelezo hayo ndiyo yanayotuwezesha kufika kwenye chanzo kabla wengine hawajaugua.

Nendeni mkaipike saladi hii, mkawasifie wageni wenu zabibu za Dodoma. Nunueni kwa macho, osheni kwa maji salama, na msiipe nafasi ya kungoja juani.