FAIDA YA MKUTANO WA KILA JUMA
Habari za Klabu za Wanawake katika Meru na Embu



Katika nchi za Meru na Embu, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, watu wengi huijua siku ya klabu. Ni alasiri moja katika juma. Kazi ya shamba imesimama kidogo, maji yamekwisha kutekwa, na akina mama huja mmoja mmoja, wengine wakiwa na watoto mgongoni, mpaka ukumbini, au katika darasa la shule, au chini ya mti wenye kivuli. Karani hufungua daftari na kusoma majina. Aliyekuja huitika, asiyekuja huulizwa habari zake, kama ni mgonjwa au amefiwa. Mshika fedha hupokea michango na kuihesabu mbele ya macho ya wote. Kisha huja somo la siku hiyo, na baada ya somo huja maneno ya mtaa: kisima kilichoharibika, mtoto aliyeacha shule, bibi kizee asiye na mtu wa kumlimia.

Mtu apitaye njiani aweza kudhani ya kuwa hayo ni mazungumzo ya kupitisha wakati. Lakini mambo yaliyotokea katika nchi hizi yaonyesha ya kuwa mkutano mdogo wa namna hii, ukishikwa bila kuachwa, huweza kutenda jambo ambalo amri ya wakubwa ilishindwa kulitenda. Jambo hilo ndilo maana ya maneno haya.

KLABU ZILIVYOANZA

Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952, chini ya idara ya serikali ya kikoloni iliyoangalia maendeleo ya jamii. Viongozi wa klabu walifundishwa katika Jeanes School, Kabete. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1925, ikapewa jina la bibi mmoja wa Marekani, Anna T. Jeanes, aliyetoa mali yake kwa ajili ya elimu ya watu weusi wa vijijini huko kwao. Masomo ya klabu yalikuwa ya nyumbani: kupika, kushona, kufuma, usafi wa nyumba, ulezi wa watoto wachanga na kulima mboga.

Mwaka huohuo, tarehe 20 Oktoba, Hali ya Hatari ilitangazwa. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja, hasa Wakikuyu na Waembu, walihamishwa kwa nguvu kutoka makwao wakawekwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye kulindwa. Wanawake walishurutishwa kuchimba mahandaki na kutengeneza barabara bila malipo. Katika siku hizo serikali ilizitumia klabu ili kuwavuta wanawake waache kuwasaidia wapiganaji wa msituni. Haifai kulificha jambo hilo. Wako waliokataa kabisa kuingia, na wako walioingia kwa ajili ya shida, maana klabu zilisaidia kuwagawia watoto maziwa na chakula.

Hata hivyo, wale walioingia walipata kitu kilichodumu kuliko somo la kushona. Walijifunza kuongoza mkutano, kuweka daftari, kutunza fedha ya watu wengine, na kusema mbele ya wenzao bila hofu. Mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika uongozi wa chama hicho katika Kenya nzima.

AMRI YA MWAKA 1956

Wameru wana baraza lao kuu la wazee, liitwalo Njuri Ncheke. Ni baraza lenye heshima kubwa, na tangu zamani limekata mashauri ya mashamba, ya damu na ya viapo. Wazee wake ni wanaume.

Katika mwezi wa Aprili, 1956, wakati maofisa wa serikali walipokuwa wakilihimiza jambo hilo, baraza la Njuri Ncheke lilikata shauri kwa kauli moja kuipiga marufuku tohara ya wasichana. Madhara ya desturi hiyo yalikuwa ya kweli: kutokwa damu, vidonda vyenye sumu, na taabu wakati wa kujifungua. Lakini kazi ya kuwatia wasichana jandoni ilikuwa mikononi mwa akina mama wazee, ambao nao walikuwa na baraza lao, liitwalo kiama gia ntonye. Basi neno lililohusu miili ya wasichana na kazi ya mama zao lilikatwa katika baraza lisilokuwa na mwanamke hata mmoja.

Yaliyofuata yaliwashangaza wazee na maofisa pia. Wasichana walikwenda madukani wakanunua nyembe, wakaingia vichakani, wakatahiriana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, maana yake, “Nitajitahiri mwenyewe.” Katika muda wa miaka mitatu, watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuivunja amri hiyo.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Katika desturi ya wakati ule, msichana asiyepita jandoni alihesabiwa mtoto, hata akiwa na kimo cha mtu mzima. Hakuolewa kwa heshima, wala neno lake halikusikiwa. Amri iliuondoa wembe, lakini haikulijibu swali la mama: “Binti yangu atakuwaje mtu mzima?” Swali lisipojibiwa barazani, hujibiwa kichakani.

MIAKA ILIYOKUWA KATIKATI

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba, 1963, na klabu zikaendelea. Katika nchi zinazouzunguka mlima, vikundi vya wanawake vilichanga fedha kwa zamu ili kumnunulia kila mwanachama mabati ya nyumba. Juma hili zamu ya mmoja, juma lijalo zamu ya mwingine, mpaka nyasi zikaondoka juu ya nyumba zote. Haba na haba hujaza kibaba.

Uongozi wa juu wa chama ulikuwa na mashaka yake. Mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake kiliunganishwa na KANU, chama kilichotawala peke yake, kikatengana nacho baada ya vyama vingi kuruhusiwa tena. Huko vijijini karani aliendelea kusoma majina.

TOHARA KWA MANENO

Katika miaka ya mwanzo ya 1990, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilifanya uchunguzi juu ya tohara ya wasichana katika wilaya nne, yaani Kisii, Meru, Narok na Samburu. Safari hii watu waliulizwa kwanza. Akina mama walieleza wanachokiogopa na wanachokipenda katika desturi yao. Wembe waliuogopa wengi. Walilolipenda ni mafundisho, heshima, nyimbo, na siku ile ya binti kutoka ndani na kupokewa na watu.

Basi mwezi wa Agosti, 1996, huko Gatunga katika nchi ya Tharaka, ambayo mwaka 1956 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Meru, jamaa wapatao thelathini walifanya sherehe mpya. Chama kilisaidiwa na shirika liitwalo PATH. Sherehe ikaitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa ndani juma moja wakifundishwa na wanawake wakubwa habari za mwili, afya, adabu, na namna ya kujilinda. Siku ya mwisho walitoka kwa nyimbo na ngoma mbele ya wazazi na wazee, wakapewa zawadi na hati ya kuonyesha ya kuwa wamefundishwa. Mambo yote ya heshima yalibaki. Wembe peke yake ndio ulioachwa nje.

Hapo ndipo swali la mama lilipopata jibu, na jibu lilitoka katika vikao vya akina mama wenyewe.

Haifai kusema ya kuwa mambo yote yalikwisha siku hiyo. Mahali ambapo wasichana walifundishwa lakini baba na bibi zao hawakufundishwa, wembe uliweza kurudi kwa siri. Serikali ilitunga sheria ya kuwalinda watoto mwaka 2001, na mwaka 2011 sheria nyingine iliyokataza kabisa tohara hiyo kwa mwanamke wa umri wowote. Uchunguzi wa afya wa Kenya nzima ulionyesha ya kuwa mwaka 1998 wanawake 38 katika kila mia, wa umri wa miaka 15 mpaka 49, walikuwa wametahiriwa. Mwaka 2022 walikuwa 15 katika kila mia. Mikono mingi ilifanya kazi hiyo: shule, makanisa, waganga, mahakama, na wasichana wenyewe waliokataa. Lakini sheria hupata nguvu inapokuta watu wamekwisha kulizungumza jambo wao kwa wao.

MAFUNZO YA HABARI HII

Jambo la mikutano ya zamu hata miji mikubwa yalijua. Mwezi wa Februari, 1905, katika mji wa Chicago, mwanasheria Paul Harris alikutana na rafiki zake watatu. Wakawa wakikutana katika ofisi ya mmoja, kisha ya mwingine, na kwa ajili ya kuzunguka huko klabu yao ikaitwa Rotary. Mwaka 1930 klabu ya namna hiyo ilianzishwa Nairobi. Lakini klabu hizo za mabwana zilikawia mpaka mwaka 1989 kuondoa katika kanuni zao katazo la kupokea wanawake. Njuri Ncheke haikuwa peke yake katika kosa hilo.

Yafaa basi kila kikundi kiangalie mambo matatu. La kwanza, siku ya mkutano isibadilishwe ovyo, maana mtu mwenye haya hukawia kusema. Huja mara nyingi kabla hajafungua kinywa. La pili, fedha ihesabiwe mbele ya wote, kwa kuwa asiyeaminiwa kwa shilingi hataaminiwa kwa shauri. La tatu, neno lisikatwe kabla ya yule linayemhusu kusikiwa.

Mambo haya yana kazi hata nje ya klabu. Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika kutunga sheria na katika mambo ya fedha ya kaunti. Sheria ya mwaka 2022 juu ya vikundi vya jamii yaruhusu watu kumi tu kuandikisha kikundi chao. Akina mama waliozoea kukutana kila juma huja katika mikutano ya kaunti wakiwa na neno moja walilokwisha kulipima. Na katika uchaguzi wa Agosti, 2022, kaunti ya Meru na kaunti ya Embu, zote mbili, zilichagua wanawake kuwa magavana. Mwaka 1956 hakuna aliyelidhania jambo hilo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku ya klabu ikifika, na karani akilifungua daftari, kila mtu na aitike jina lake; na jina likisomwa bila jibu, mmoja wao na aende nyumbani kwa mwenzake kuuliza habari.